Kitufe Kilichojisemesha

Jumamosi, Julai. Ukungu umekaa juu ya chai tangu alfajiri kama mgeni asiyejua kuaga. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinakataa kuandika.

Nina hasira leo. Wanaonijua watasema hiyo si habari.

Asubuhi nilikuwa kwa mama, huku nyuma ya Kapkatet. Nilikuta ameweka simu yake juu ya meza, mbali na kikombe, kama mtu anayemtenga kuku mgonjwa. Akaniambia, "Chela, hii simu imekubali kitu. Mimi sijaigusa."

Nikaichukua. Alikuwa amefungua ukurasa mmoja wa habari za malisho ya ng'ombe. Ukurasa ulimngojea kidogo, ukaleta kisanduku cha masharti, halafu ukabonyeza "Nakubali" wenyewe. Sasa unamtumia ujumbe baada ya ujumbe, ukimwita "rafiki yetu".

Nilirudi nyumbani nikaufungua ukurasa ule kwenye kompyuta yangu na kuusoma kwa ndani, jinsi fundi anavyofungua boneti. Nilichokitafuta nilikipata upesi. Ni mstari mmoja wa JavaScript. Unakitafuta kitufe kwa jina lake, unaongeza neno *click* na mabano mawili yasiyo na kitu ndani, na kitufe kinajibonyeza. Hakuna kidole. Hakuna mtu. Lakini kule mbali, kwenye mashine ya mwenye ukurasa, imeandikwa kwamba mama yangu amekubali.

Kijana aliyeuandika mstari huo ataniambia alikuwa anamrahisishia mtumiaji kazi. Nimelisikia hilo neno hadi masikio yameota sugu. Mtumiaji mvivu, mtumiaji hajui, mtumiaji asaidiwe. Nimesoma vitabu vya hawa watu, na makala zao, na mabishano yao marefu ya mtandaoni ambayo mengi yake mimi ndiye niliyeyaanza. Sijaona hata mmoja wao akieleza ni kwa nini kumsaidia mtu lazima kuanze na kumnyang'anya ndiyo yake.

Lakini sikuketi hapa kuandika kuhusu huyo kijana. Nimeketi kwa sababu ya kitu alichosema mama nilipokuwa natoka mlangoni.

"Inajisemesha," alisema. "Kama ile ya Njoroge."

Nilisimama pale pale. Sikujua kwamba bado anakumbuka.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Bwana Njoroge alikuwa mfanyabiashara wa Kericho mjini, mtu wa Murang'a aliyehamia kwetu zamani na kuoa na kuzeekea hapa. Chini aliuza misumari, mabati na rangi. Juu, ghorofa ya kwanza, aliamua kufungua chuo cha kompyuta. Kompyuta zenyewe zilikuwa chache na nzito, zenye migongo mikubwa kama jiko la makaa, na zilivikwa vitambaa vya kufumwa kwa mkono na mkewe ili vumbi lisiingie. Mtandao hatukuwa nao. Kurasa zetu za wavuti ziliishi kwenye disketi, na zilitoka kompyuta moja hadi nyingine mfukoni mwa shati.

Nani atanielewa nikisema nazililia kompyuta zile? Zilikuwa polepole kiasi kwamba ulipata muda wa kufikiri. Ulipobonyeza kitu ulikisikia kikifikiri pia, kikikwaruza ndani ya sanduku, halafu kikakujibu.

Mimi nilipenda kitu kimoja kuliko vyote: kukifundisha kitufe kungoja. Unaandika kitufe, kisha ndani yake unaandika *onclick*, yaani "ukibonyezwa", halafu unataja kazi ya kufanya. Basi. Kinakaa pale. Hakina haraka, hakiulizi, hakikuiti. Siku utakapokigusa, kitafanya. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu na sikuwa nimewahi kukutana na chochote duniani chenye adabu kama hiyo. Wanaume wa Kericho wa wakati ule hawakuwa hivyo, wala serikali.

Tulibishana kuhusu mambo hayo hadi Njoroge alipokuja juu kutuzimia taa. Vivinjari vilikuwa viwili wakati ule na vilichukiana. Kitufe kikibonyezwa, kivinjari kimoja kilipeleka habari kutoka juu, kwenye ukurasa mzima, ikashuka hadi kwa kitufe. Kingine kilianzia kwa kitufe chenyewe, habari ikapanda juu. Wenzangu walisema hilo ni jambo la ufundi tu. Mimi nilisimama juu ya stuli nikatangaza kwamba aliyeguswa ndiye wa kwanza kusema, na wakubwa wasikie baadaye. Katika Kenya ya miaka ile, hiyo ilikuwa hotuba ya siasa. Mtu alifunga dirisha.

Nyumbani, mambo yalikuwa mengine. Baba alikuwa amefariki. Mama alibaki na chai yetu kwenye mteremko, na goti lake la kulia lilikuwa limeanza kukataa mteremko. Wadogo zangu walikuwa shule. Mtu wa kushika kikapu alikuwa mimi, na mimi nilikuwa mjini nikibishana juu ya stuli.

Mama hakupiga kelele. Mama hapigi kelele. Kelele nimezirithi kwingine. Alinitumia neno kwamba atakuja siku ya wazazi pale chuoni, ajionee. "Nikiona ni kazi, utabaki," alisema. "Nikiona ni mchezo, unabeba begi yako tunarudi pamoja siku hiyo hiyo."

Nilifunga begi. Nilimjua mama yangu. Nililisukuma chini ya meza ya kompyuta ambapo miguu yangu ingelifunika.

Kwa ajili yake nilitengeneza ukurasa. Rangi ya kijani ya kutisha, kama tulivyopenda enzi zile. Katikati, picha ya chipukizi la chai niliyoichora mwenyewe: majani mawili na ncha. Chini yake kitufe kilichoandikwa GUSA, na chini ya kitufe kisanduku kitupu cha maandishi. Ukikibonyeza kitufe, funksheni niliyoipa jina *salimu* inaandika ndani ya kisanduku: *Chamgei, Mama Chela*. Kwetu Kipsigis hiyo ndiyo salamu, na salamu haiachwi ikining'inia. Mtu akikuambia chamgei, unamjibu chamgei mising. Hata adui. Hata aliyekulia ng'ombe.

Siku ikafika. Wazazi walipanda ngazi wakipangusa viatu, wengine kutoka mbali, Ndanai na hata Mulot. Waliketi kwenye viti vya kukodi na kofia magotini kama wako kanisani. Njoroge alikuwa amevaa tai. Jasho lilimtoka ingawa kulikuwa na baridi, na sikumlaumu. Wazazi wale wakiondoka na watoto wao, chuo kimekufa, na yeye anabaki na meza za mbao na vitambaa vya kufumwa.

"Mama Chela, karibu, wewe ndiye wa kwanza," alisema. "Keti hapa. Shika hii mausi. Usiogope, haiumi."

"Mimi siogopi," mama alisema. "Nangojea kuona kazi."

Akaketi. Alikiweka kipanya chini ya kiganja chake kama nilivyomwonyesha, na mshale mdogo kwenye skrini ukapanda, ukatangatanga, ukafika juu ya kitufe. Mikono ya mama ilikuwa na madoa yale meusi ya utomvu wa chai ambayo sabuni haiyatoi. Nikamwambia abonyeze.

Akabonyeza. Hakuna kitu.

Akabonyeza tena. Kisanduku kitupu.

Mzee mmoja wa Mulot, mfugaji mwenye fimbo nzuri, alikohoa. "Huyo ng'ombe wenu hatoi maziwa," alisema. "Mleteeni ndama kwanza."

Chumba kizima kikacheka. Mama hakucheka. Mimi nilitazama kidole chake na nikaelewa.

Mama alikuwa anachuma.

Hivi ndivyo inavyokuwa. Ili kivinjari kikubali kwamba kitufe kimebonyezwa, lazima mambo mawili yatokee mahali pamoja: kidole kishuke juu ya kitufe, na kiinuke kikiwa bado juu ya kitufe hicho hicho. Ukishuka juu yake ukainukia pembeni, kivinjari kinasema umeghairi, na hakifanyi lolote. Sasa mtu aliyechuma chai maisha yake yote hajui kushika kitu na kukiachia palepale. Anabana, anavuta, mkono unakwenda kwenye kikapu. Kubana na kuvuta ni tendo moja. Mama alikibana kitufe changu, akakivuta, na alipoachia, mshale ulikuwa umeshafika ukingoni mwa skrini, ukitafuta kikapu.

Sitaki mtu asome hapa kwamba mama alikuwa na hekima fulani ya siri kuhusu kompyuta. Hakujua kitu, na hadi leo hajui. Alikosea. Alikosea kama mtu wa kwao.

"Mama, usivute," nilimnong'oneza. "Bonyeza uache."

"Nimeacha."

"Umevuta."

"Sasa nitaachaje bila kuvuta?"

Nilikuwa bado natafuta jibu, na mama ameshatoa mkono kwenye kipanya na kuuweka mapajani, ndipo kisanduku kikajiandika chenyewe, mbele ya kila mtu: *Chamgei, Mama Chela*.

Wazazi wakapiga makofi. Njoroge akapiga makofi kuwashinda wote. Mimi nikageuka kumtazama na nikajua. Asubuhi ile alikuwa ameichukua disketi yangu "kuhakikisha". Alikuwa ameongeza maneno machache: ukurasa ukifunguka, ungoje kidogo, kisha uiite *salimu* wenyewe. Kitufe kisiaibike. Na baadaye aliponieleza alinieleza bila haya, kwa upole kabisa, kama mtu aliyekushikia mwavuli: "Nilikusaidia, Chela. Kama angeshindwa je?"

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Wakati ule mama alikuwa anakitazama kile kisanduku. Nilingoja ajibu salamu. Chumba kizima kilingoja, hata mzee wa Mulot.

Mama hakujibu.

Aligeuka polepole akamwangalia Njoroge. "Nani ameisemesha?"

"Ni wewe, Mama Chela! Umebonyeza!"

"Mkono yangu ilikuwa hapa." Alipiga paja. "Hii kitu inajisemesha. Sasa kama inajisemesha, mnanitakia nini? Na huyu msichana mnamtakia nini?"

Hakuna aliyecheka. Mama aliinama, akatazama chini ya meza, kwenye miguu yangu. "Hiyo begi ni yako?"

"Ndiyo, mama."

"Basi."

Nimebishana na wakubwa wengi tangu siku ile, na wengine walikuwa na walinzi. Sijawahi kuogopa kama nilivyoliogopa hilo "basi".

Nilisema, "Mama, nipe nafasi kidogo." Sikumwomba Njoroge ruhusa. Nilivuta kibodi, nikafungua ukurasa wangu kwa maandishi matupu, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kufuta maneno ya Njoroge. Yote. Kisha nikaenda kwenye kitufe, pale palipoandikwa *onclick*, nikafuta, nikaandika *onmousedown*. Maana yake ni "ukiguswa". Usingoje kidole kiinuke. Usimhukumu mtu kwa mahali mkono wake unapoenda baadaye. Akishuka juu yako tu, mjibu.

Ni neno moja badala ya jingine. Nikahifadhi, kompyuta ikakwaruza, ukurasa ukafunguka upya, kijani kibichi, kisanduku kitupu.

"Jaribu sasa," nilimwambia. "Fanya vile unafanya kila siku."

Mama hakukishika kipanya.

Alikunja mikono kifuani, akaegemea kiti, na akaitazama ile skrini kama anavyomtazama karani wa kituo cha chai anaposogelea mizani. Akangoja. Njoroge alijaribu kusema kitu, mama akainua kidole kimoja bila kugeuka, na Njoroge akanyamaza. Nje mtu aligonga bati kwa nyundo, akaacha. Mama aliendelea kungoja. Ndipo nikaelewa kwamba hakuwa anakataa. Alikuwa anaipima. Alitaka kuona kama itadanganya tena.

Haikudanganya. Kisanduku kilibaki kitupu.

Sijui alingoja muda gani. Aliporidhika, alikishika kipanya, akaupeleka mshale pale, akabana, akavuta.

*Chamgei, Mama Chela*, ikasema, palepale, kabla mkono haujafika mbali.

"Chamgei mising," mama akajibu.

Alijibu kwa sauti, kama anavyomjibu jirani aliyesimama ng'ambo ya ua. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na sikuona uso wake. Niliona tu mabega yakishuka kidogo.

Mzee wa Mulot akasema, "Sasa ametoa." Na yeye mwenyewe akasogea mbele na kofia yake, akataka kujua kama kitu hicho kinaweza kumsalimia mtu wa Mulot pia, au kinachagua.

Wazazi wengine walikuja baada yake. Mama alimpisha mzee kiti. Akaja akasimama kando yangu, karibu na dirisha. Kisha akainama kwa shida, kwa sababu ya goti, akavuta begi langu kutoka chini ya meza.

Nami nilikuwa nimedhani tumeshinda.

Akalifungua. Akatoa sketi zangu, blauzi, sweta ya shule ya sekondari, akaziweka moja moja juu ya kompyuta iliyokuwa haitumiki, juu ya kitambaa cha mke wa Njoroge, akizikunja upya kwa sababu nilikuwa nimezikunja vibaya. Alipomaliza, akalikung'uta begi tupu na kulitia kwapani.

"Hii nitabeba," alisema. "Yangu imeraruka."

"Na chai, mama?"

"Chai nitajua." Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza siku ile. "Lakini wewe, usiruhusu mtu aisemeshe kama haijaguswa. Mimi nilijua tu kwa sababu nilikuwa nimeketi hapo. Mwingine hatajua."

Akashuka ngazi, hatua moja moja, goti likilalamika, begi tupu kwapani. Nilimtazama kutoka dirishani mpaka alipopotea nyuma ya lori la mbao.

Haya. Mtu atasema natia chumvi, natengeneza dini kutokana na kitufe. Aseme. Nimeitwa mambo mabaya zaidi na watu wanaoandika vizuri zaidi. Kurasa za leo zinajibonyeza zenyewe, zinasogeza kitufe chini ya kidole chako dakika ile kinaposhuka, zinaita kimya chako ndiyo, na wanaozitengeneza wanapeana zawadi kwenye mikutano yenye chakula kizuri. Sisi tulikuwa na disketi na rangi ya kijani mbaya. Lakini mtu aliposalimiwa, alijua ni yeye aliyebisha hodi.

Nakiri kwamba natamani kurudi pale. Si kwa sababu ya ujana. Natamani chumba kile kilichonyamaza, watu wote na kofia zao magotini, wakingoja pamoja na mama yangu kuona kama mashine itakuwa na adabu.

Njoroge alikufa akiwa rafiki yangu. Hatukuwahi kukubaliana.

Jioni hii nilirudi tena kwa mama. Nilikuwa nimeuzima ule ujumbe wa "rafiki yetu" na kuwaandikia wenye ukurasa barua pepe ambayo sitaiweka hapa, kwa sababu kuna wasomaji wangu wachungaji. Nilimwambia simu iko sawa sasa, aitumie tu.

Hakuigusa. Aliiweka mbele yake juu ya meza, ukurasa wa malisho ukiwa wazi, akakunja mikono kifuani, akaegemea kiti.

Nilivuta stuli nikaketi kando yake. Nimemwacha bado ameketi vile, anaitazama, chai yake inapoa, na sijui ni nani kati yao atakayechoka kwanza, ingawa nikilazimika kuchagua upande, upande wangu mnaujua.